Nishani 21 za India: tunashangilia risiti bila kuuliza nani alikula

Tangu zile siku 4 za Mei 2025 India na Pakistan walipopigana, simu zetu huku zimejaa stori za mashujaa wa India. Klipu zenye sauti ya kompyuta inayosoma Kiswahili, mara rubani aliyeangusha ndege, mara kijana aliyepigwa risasi 15 akaendelea kupanda mlima, mara meja aliyepigana huku mkono uko kwenye plasta, na chini ya kila klipu watu wanabishana nani alimchapa nani. Alafu ikaja Agosti, India ikatangaza nishani 15 za Vir Chakra kwa ajili ya mapigano yale, na Pakistan nayo tarehe 14 ikawavalisha watu wake, mkuu wao wa jeshi Asim Munir akapewa Hilal-e-Jurat juu ya cheo cha Field Marshal alichopandishwa mwezi Mei. Kila upande umejipa nishani, kila upande unasema umeshinda, na sisi watazamaji tumegeuza zile nishani kuwa ushahidi: si unaona, wangekuwa wameshindwa wangepeana za nini?

Mi naona hapo ndipo tunapozisoma vibaya. Nishani ya ushujaa haikuambii nchi ilishinda, haikuambii vita ilikuwa ya haki, wala haikuambii jeshi lilijiandaa. Nishani ni risiti. Inaonyesha nani alilipa. Nani aliagiza na nani alikula, hiyo haijaandikwa pale, inabidi uitafute mwenyewe, na ukizisoma hizi za India moja moja kwa utulivu utaona mara nyingi aliyelipa alikuwa anafidia kitu ambacho watu wa juu yake walikikosea, au walikiamua wakijua kabisa gharama ataibeba mwingine.

Kwa wasiojua ngazi zake, ya juu kabisa kwa vitani inaitwa Param Vir Chakra, chini yake Maha Vir Chakra, alafu hiyo Vir Chakra iliyotolewa 2025. Hiyo ya juu kabisa, Param Vir Chakra, ilianzishwa tarehe 26 Januari 1950 ikahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku ya uhuru, 15 Agosti 1947, na katika miaka yote hiyo wamepewa watu 21 tu. Kati yao 14 walipewa wakiwa wameshakufa. 20 ni wa jeshi la nchi kavu, mmoja wa anga, wa majini hakuna. Aliyeichora ni mwanamke aliyezaliwa Uswisi, Savitri Khanolkar, aliyeolewa na ofisa wa jeshi la India akazama kwenye Uhindu kuliko Wahindu wengi, akaweka pale silaha ya mungu Indra ambayo kwenye hekaya ilitengenezwa kwa mifupa ya mzee Dadhichi aliyekubali kufa ili mifupa yake itumike. Na wa kwanza kupewa, Meja Somnath Sharma, yule wa mkono kwenye plasta, akatokea kuwa shemeji wa binti yake. Januari 2023 serikali ya Modi ikavipa visiwa 21 vya Andaman na Nicobar majina ya hao 21. Yaani sa hivi ni watu, ni visiwa, ni mabango, na kila mwenye ajenda yake anachota anachotaka.

Ukitaka kuona kwamba nishani na ushindi havitembei pamoja anza na hesabu tu. Kashmir ya 1947 na 1948 ilitoa 5. Congo 1961 moja. Vita na China 1962, iliyochukua mwezi mmoja na India ikachapwa vibaya mno, 3. Vita na Pakistan 1965, 2. Mwaka 1971, 4. Siachen 1987 moja, Sri Lanka mwaka huohuo moja, Kargil 1999, 4. Baada ya hapo hakuna mpaka leo. Sasa tulia na 1971. Ule ndio ushindi mkubwa kuliko wote waliowahi kuupata, siku 13 tu, Bangladesh ikazaliwa, watu 93,000 hivi wakawa mateka kule mashariki. Lakini katika zile 4 za mwaka ule ni moja tu iliyotoka upande wa mashariki kwenye ushindi wenyewe, ya Albert Ekka pale Gangasagar. Tatu zimetoka magharibi, moja angani juu ya Srinagar na mbili kwenye mabomu ya ardhini na vifaru vya mto Basantar, ambako watu walikuwa wanagombania kilomita chache na hakuna aliyemlaza mwenzake chini moja kwa moja. Hii si bahati mbaya. Jeshi likimzunguka adui vizuri, likamkatia barabara na mawasiliano, hakuna anayelazimika kukimbilia handaki peke yake na guruneti mkononi. Anayelazimika ni yule ambaye mpango umemfia mbele yake, na hapo ndipo nishani inapozaliwa. Kwahiyo mwezi mmoja wa aibu mwaka 1962 ukatoa 3, na kule mashariki, kwenye ushindi unaofundishwa vyuo vya kijeshi dunia nzima, ikatoka moja.

Stori ya Rezang La ndiyo inanikaa kichwani kuliko zote na nitaichukulia muda kidogo. Tarehe 18 Novemba 1962, kombania moja ya kikosi cha 13 Kumaon, watu 120 hivi chini ya Meja Shaitan Singh, wengi wao vijana wa jamii ya Ahir kutoka Haryana, watoto wa wakulima wa nchi tambarare yenye joto, walikuwa wamewekwa kwenye njia ya mlima huko Ladakh kama mita 5,000 juu ya usawa wa bahari kulinda Chushul. Walikuwa na bunduki za .303 za enzi ya Mwingereza na nguo zisizofaa baridi ile. Mizinga ya kwao ilikuwepo nyuma lakini haikuweza kuwasaidia, kilima kilichokuwa katikati kiliziba, kwahiyo Wachina walipokuja usiku kwa wimbi juu ya wimbi wale jamaa walipigana na kile walichonacho mkononi. Zaidi ya 100 walikufa. Shaitan Singh alijeruhiwa, akawaambia waliokuwa wanambeba wamwache, na mwili wake ulipatikana palepale. Wachache mno walirudi, na walipoanza kusimulia hawakuaminiwa. Hapo ndipo pananichoma. Watu wa nyuma, hao hao waliowapeleka pale, wakaona haiwezekani kombania nzima ikapigana mpaka mwisho namna hiyo, wakawaona wanatia chumvi. Ilibidi msimu ubadilike, mwaka 1963, mchungaji apite pale aikute miili imeganda kwenye mahandaki, wengine silaha ziko bado mikononi, ndipo ikakubalika.

Sasa Rezang La leo inasimuliwa kama ushindi wa roho, kuna mnara, kuna sherehe kila mwaka, na sina tatizo nayo. Tatizo langu ni kwamba kule upande mwingine wa hesabu kimya. Baada ya vita ile liliundwa jopo la maofisa wawili, Jenerali Henderson Brooks na Brigedia Bhagat, wachunguze nini kilikosewa, na ripoti yao mpaka leo haijatolewa rasmi. Zaidi ya miaka 60! Yaani maelezo ya nani alilipa yako kila mahali mpaka kwenye vitabu vya shule, maelezo ya nani aliagiza wale watoto wapande kule na bunduki za babu zao bado ni siri ya serikali. Na serikali zimebadilika pale Delhi, wa chama cha Congress wakaja wa BJP wakaja, wote wakaipenda risiti na wote wakaificha bili.

Kargil, ile vita ya milimani na Pakistan ya 1999, ni ngumu zaidi na inanilazimisha nijisahihishie hoja kidogo kwasababu pale si kila kitu kilikuwa uzembe. Mwanzo wake ndio uzembe. Kwa miaka majeshi yote mawili yalikuwa yakishuka kutoka vituo vya juu kabisa wakati wa baridi kali na kurudi baadae, mwaka 1999 Wapakistani wakapanda mapema wakakaa kwenye vilele vya upande wa India vinavyotazama barabara ya Srinagar kwenda Leh, na habari za kwanza zikaletwa na wachungaji mwanzoni mwa Mei. Tume ya Subrahmanyam iliyochunguza ikasema waziwazi kwamba India ilishtukizwa kabisa. Lakini baada ya hapo serikali ya waziri mkuu Vajpayee ikafanya uamuzi mmoja mkubwa, jeshi na ndege zisivuke mstari wa udhibiti, ule unaogawa Kashmir kati ya nchi hizo mbili, hata hatua moja. Kijeshi maana yake ni kwamba huwezi kumzunguka adui, huwezi kumkatia chakula kutoka nyuma, unachobaki nacho ni kupanda mbele yake kwenye mwamba usiku huku yeye yuko juu anakutazama. Kisiasa uamuzi ule ulilipa sana, dunia ikaona Pakistan ndiye mvamizi, na nchi mbili zilizokuwa zimelipua majaribio ya nyuklia mwaka mmoja tu kabla hazikufika mbali zaidi ya pale.

Ndani ya uamuzi huo muweke Yogendra Singh Yadav. Umri wake miaka 19, kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Bulandshahr, grenadia (askari wa miguu) wa kikosi cha 18, platuni yao maalum ya Ghatak ilipewa kazi ya kukwea ukuta wa mlima Tiger Hill, zaidi ya mita 5,000, na yeye akajitolea kutangulia afunge kamba ili wenzake wapande. Katikati ya njia wakamiminiwa risasi, kamanda wa platuni akapigwa pamoja na wengine, yeye risasi zikampata za bega na kinena, akaendelea kujivuta mpaka juu, akatupa guruneti kwenye handaki la kwanza, akaenda la pili wakapigana mkono kwa mkono. Wenzake wakaisha. Yeye, na matundu kama 15 mwilini, akajiviringisha kwenye korongo mpaka chini kuwaambia wengine adui amejipangaje. Siku hiyohiyo tarehe 4 Julai ambayo Tiger Hill ilitangazwa kuchukuliwa, Nawaz Sharif, waziri mkuu wa Pakistan, alikuwa Washington na Clinton akikubali kuwaondoa watu wake. Je angekubali bila vile vilele kuanguka? Wataalamu wanabishana, mimi nadhani vyote viwili vilisukumana. Ila tambua kwamba kujizuia kwa wanasiasa, ambako na mi nakusifu, hakukuwa bure. Kulilipwa kwenye ile kamba. Wahindi 527 walikufa Kargil kwa hesabu rasmi, na ukisema Vajpayee alikuwa na busara, na alikuwa nayo, itabidi useme pia busara ile iligharamiwa na nani.

Na mambo ya makaratasi, nishani ya Yadav ilitangazwa kama ya marehemu. Walimchanganya na grenadia mwingine mwenye jina kama lake aliyekufa kwenye shambulio lilelile, alafu kijana akakutwa hospitali anapona. Hata hiyo haikuwa mara ya kwanza, Meja Dhan Singh Thapa mwaka 1962 naye alitangazwa shujaa marehemu kumbe yuko mateka China.

Kuna kundi la watu, wengi wasomi kidogo, ambao jibu lao kwa haya yote ni fupi: hizo zote ni propaganda, kila nchi hujitungia mashujaa, usipoteze muda. Siwezi kusema hawana pa kushika. Chukua Abhinandan Varthaman, rubani wa MiG-21 aliyeangushwa upande wa Pakistan tarehe 27 Februari 2019, akakamatwa, yule wa masharubu na kikombe cha chai, akarudishwa baada ya siku mbili. India ikampa Vir Chakra kwa kuangusha F-16 kabla ya kuanguka yeye. Pakistan inasema hakuna F-16 iliyoanguka. Hapo nishani imekaa mahali pa ushahidi ambao haujapatikana, na mtu akihisi harufu ya siasa simlaumu. Mei 2025 ni vilevile, mkuu wa jeshi la anga la India alisema Agosti kwamba waliangusha ndege 5 za kivita na moja kubwa, Pakistan ikakana, na Pakistan inayosema iliangusha za India kibao ilijibiwa na mkuu wa majeshi ya India kwamba ndio tulipoteza, idadi sisemi. Vita vya kubonyeza vitufe kutoka umbali wa kilomita mia na zaidi vina shida hiyo, hakuna mchungaji wa kupita akakuta miili.

Lakini kuruka kutoka hapo kwenda kwenye "zote ni uongo" ni uvivu, na ndiyo hoja dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu. Kwasababu nyingi ya stori hizi shahidi wake ni adui mwenyewe. Kapteni Karnal Sher Khan alikuwa Mpakistani, alipigana kwenye eneo lilelile la Tiger Hill na kuongoza mashambulizi ya kurudisha kilele mpaka akafa. Brigedia wa Kihindi aliyekuwa anamwangalia akipigana, Bajwa, akaandika kikaratasi kwamba huyu mtu amepigana kiume anastahili kutambuliwa, kikawekwa mfukoni mwa maiti, mwili ukarudishwa, na Pakistan, ambayo wakati ule ilikuwa bado inasema waliopo kule ni mujahidina wala si jeshi lake, ikaja kumpa Nishan-e-Haider, kubwa kuliko zote kwao. Kalamu ya adui ilimtambua askari wakati serikali yake bado inamkana. Na upande wa pili kuna Arun Khetarpal, luteni wa miaka 21 aliyekataa kuacha kifaru kinachowaka pale Basantar tarehe 16 Desemba 1971, akajibu kwa redio kwamba mzinga wake bado unafanya kazi. Miaka 30 baadae baba yake, naye brigedia mstaafu, akaenda Pakistan kutembelea alikozaliwa, akapokelewa Lahore na ofisa mstaafu aitwaye Naser, akakaa kwake, akala kwake, na usiku wa mwisho mwenyeji akamwambia mimi ndiye niliyempiga mwanao, na kwamba alisimama pale kama ukuta. Sasa huyo Naser alikuwa na faida gani kuitungia India propaganda?

Kundi la pili ni la wazalendo, hawa wako wengi zaidi na wana kelele zaidi: ukiuliza maswali kuhusu mipango, silaha, makosa, unawatukana wanajeshi. Hoja hii ina uzito wake, maana jeshi linaishi kwa heshima, na kijana wa kijijini akijua kwamba akifa jina lake litasemwa kuna kitu kinamshika asikimbie. Naielewa. Ila angalia hao hao wenye kuimba heshima wanavyowatendea wanajeshi walio hai. Bana Singh, aliyekwea ukuta wa barafu Siachen Juni 1987 na kundi dogo la wenzake akateka kituo cha Wapakistani kwenye mita 6,500 hivi, kile kilele leo kinaitwa kwa jina lake, alistaafu akawa anapata kutoka serikali ya jimbo lake, Jammu na Kashmir, posho ya rupia 166 kwa mwezi. 166! Ilibidi mwenye nishani ya juu kabisa ya nchi alalamike hadharani, akilinganisha na majimbo jirani yaliyokuwa yanawapa watu kama yeye zaidi ya elfu kumi. Au tuje karibuni, kanali Sofiya Qureshi aliyesimama mbele ya kamera Mei 2025 kueleza mapigano kwa niaba ya jeshi, Muislamu, wiki haijaisha waziri mmoja wa jimbo la Madhya Pradesh akamwita dada wa magaidi, mpaka mahakama kuu ikaamuru afunguliwe kesi. Na wakati huohuo wanasiasa wale wale humtaja kila mwaka Abdul Hamid, yule Muislamu wa Ghazipur aliyepiga vifaru vya Patton kwa mzinga mdogo juu ya gari la jeep huko Khem Karan mwaka 1965, kana kwamba Waislamu wote wa India wanadaiwa na Hamid ameshawalipia. Shujaa akiwa amekufa hana ubishi, unaweza kumvalisha maneno yoyote.

Kuna la Agnipath pia, na hili kwangu ndilo lenye uzito kuliko maneno ya waziri. Tangu 2022 India haiajiri tena askari wa kawaida kwa utaratibu wa zamani, inawachukua vijana kwa miaka 4, robo tu wanabakizwa, na anayekufa ndani ya miaka hiyo familia yake inapata bima na malipo ya mkupuo lakini si ile pensheni ya kila mwezi ya familia ya askari wa kudumu. Nepal imeona hivyo ikagoma kabisa kuleta vijana wake wa Gurkha, na hao Gurkha ndio waliojaa kwenye stori hizi. Kwahiyo mtu anayenitumia klipu ya Yadav (jirani yangu hutuma mbili tatu kwa wiki) namuuliza, kijana wa miaka 19 akipanda kamba ile leo, mama yake atapata nini? Huko ndiko kuheshimu jeshi kunakopimwa, na kuuliza swali lile si tusi kwa yeyote.

Bonde la Galwan, kwenye mpaka wa India na China, liliongeza jambo jingine. Usiku wa tarehe 15 Juni 2020 Wahindi na Wachina walipigana kwa mawe, nondo na marungu yenye misumari, kwasababu kuna makubaliano ya 1996 ya kutotumia bunduki karibu na mpaka. Wahindi 20 walikufa akiwemo kanali Santosh Babu, aliyepewa Maha Vir Chakra. China ikakaa kimya miezi 8, Februari 2021 ikasema imepoteza 4 nayo ikatoa nishani zake, na mmoja wa waliotuzwa, Qi Fabao, mwaka uliofuata akabebeshwa mwenge wa Olimpiki ya Beijing, India ikasusia ufunguzi. Ukiondoa bendera, zile nishani mbili zinasema kitu kimoja: makamanda wawili waliachwa gizani na watu wao kwenye mkataba ambao ulizuia risasi lakini haukusema nani anatakiwa kusimama wapi. Hakuna upande uliokaa ukaeleza wananchi wake kwanini doria ile ilienda pale usiku ule.

Nimeacha ya Congo mwisho kwasababu ndiyo inatuhusu na ndiyo siioni kabisa kwenye klipu. Kapteni Gurbachan Singh Salaria, miaka 26, alikuja na kikosi cha Gurkha chini ya Umoja wa Mataifa wakati Katanga ya Tshombe imejitenga, Lumumba ameshauawa, Hammarskjöld ameshaanguka na ndege Ndola. Tarehe 5 Desemba 1961 pale Elisabethville, Lubumbashi ya leo, majandarme wa Katanga, yaani askari wa Tshombe, walikuwa wamefunga barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Salaria na watu kama 16 wakakutana na kama 90 wenye magari mawili ya deraya, wakayapiga magari kwa roketi alafu wakawavamia na visu vya khukuri na magruneti, wakaua kama 40, yeye akapigwa risasi shingoni akaendelea mpaka akazimia, akafa. Ndiyo Param Vir Chakra pekee ya kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Alizaliwa karibu na Shakargarh, ambako leo ni Pakistan, eneo lilelile ambako miaka 10 baadae Khetarpal alikuja kuchomwa na kifaru chake. Ukisoma maelezo rasmi ya India, Congo ni jukwaa tu, wale majandarme hawana sura, na sababu ya wao kuwa pale, shaba ya kampuni ya Union Minière na mamluki wa Kizungu nyuma ya Tshombe, haitajwi. Risiti imeandikwa jina la mlipaji, dukani hakuna aliyeandikwa.

Lakini kuna mara moja, huko huko Congo, mambo yalifanyika vingine, na waliokufa walikuwa wetu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya JWTZ pale Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa zaidi ya saa 13, askari wetu 15 wakauawa. Umoja wa Mataifa ukaunda uchunguzi maalum, na matokeo yaliyotangazwa mwaka uliofuata hayakuishia kwenye ushujaa, yalitaja mapungufu ya mafunzo, matatizo ya amri na uongozi, na kukosekana kwa vitu vya lazima kama ndege za msaada. Haikuwa ripoti kamili mezani kwetu, muhtasari tu, na wapo walioona inawaonea marehemu. Mi sikuiona hivyo. Kijana aliyeshika lindo saa 13 huku helikopta haiji anatakiwa ajulikane kwamba helikopta haikuja, na kwanini, na nani alitakiwa kuituma. India ina watu 21 wa aina hiyo, na ripoti ya Henderson Brooks bado imefungiwa kabatini Delhi.